Mkonge ulivyoingia katika upinde wa zeze

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

MKONGE wa Kilosa na maeneo mengine ya Mkoa wa Morogoro umezoeleka kuhesabiwa kwa marobota. Hata hivyo, nyuzi chache tu za katani, zikifungwa kwenye kijiti kilichopindwa na kupakwa utomvu, hutosha kuliza zeze.

Utomvu ndio siri yenyewe. Huufanya upinde uishike kamba ya zeze, uivute, uiachie na kuishika tena mara nyingi kwa sekunde moja. Pasipo utomvu, upinde huteleza tu kimya.

Wengi huudhani upinde wa katani kuwa wa tangu enzi za mababu. Lakini mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, na ni miche 62 tu iliyonusurika safari. Kabla ya hapo wapigaji walitegemea nyuzi nyingine. Singa za mkia wa farasi, zinazotumika Ulaya, zilikuwa adimu huku bara, kwa kuwa mbung'o hawampi farasi nafasi.

Upinde wenyewe ni wa zamani zaidi. Mwanazuoni Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika kuhusu ala zinazopigwa kwa kukwaruzwa, na chimbuko lake huaminika kuwa Asia ya Kati. Waarabu waliusambaza hadi Hispania.

Kwa karne kadhaa pinde za Ulaya nazo zilibinuka kwa nje, mfano wa uta wa kuwindia, kama zilivyo za zeze hadi leo. Mwishoni mwa karne ya 18, fundi François Xavier Tourte wa Paris aliupasha mti moto akaupinda kwa ndani, akaweka urefu wa takriban sentimita 74 na kuzitandaza singa zikawa bapa. Kumbi zilikuwa zimepanuka, na fidla ilihitaji sauti nzito.

Mti aliouchagua ulitoka Brazil, ukiuzwa Ulaya kwa ajili ya rangi nyekundu. Ulivunwa mno, na tangu mwaka 2007 biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Kwa wapiga fidla wa taarabu Zanzibar, upinde mzuri wa aina hiyo ni kitu cha kuagizwa kutoka ng'ambo.

Upande wa bara, marehemu Hukwe Zawose (1938–2003), Mgogo aliyefanya kazi Bagamoyo, aliifikisha sauti ya zeze kwenye majukwaa ya Ulaya kwa upinde wa tao, usio na skrubu.