Tuwajue Wanaotuomba Akiba Zetu

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mkazi wa Nkanka, wilayani Rusizi, aitazamapo mitumbwi ya wavuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu, ajua kwamba kila mmoja una fundi wake. Lakini mtu huyo huyo, akiisha kuuza kahawa yake, huweza kupokea katika simu mwito wa kununua sarafu mpya ya kidijitali, akatuma faranga zake bila kuuliza ni nani aliyeiunda.

Swali hilo halijibiwi kwa picha nzuri, kwani picha hutengenezwa na majina huazimwa. Hatuna budi kulichunguza kila jina mbali na tangazo la wahusika wenyewe. Je, pale anapodai kuwa alifanya kazi, wanamtambua?

Hata hivyo, jina la kweli peke yake halitoshi. Ruja Ignatova, aliyeanzisha OneCoin huko Bulgaria mwaka 2014, ni mtu halisi, na shahada yake ya udaktari wa sheria aliipata kwa haki katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Kilichokosekana ni sarafu yenyewe. Sarafu za aina hii huandikwa katika daftari la wazi ambalo yeyote aweza kulikagua. OneCoin haikuwa nalo. Wauzaji wake walifika hadi vijijini Uganda. Mwaka 2017 Ignatova alitoweka, na mwaka 2023 mwenzake, Karl Greenwood, alihukumiwa nchini Marekani kifungo cha miaka 20.

Wala cheti cha usajili si kinga. Dunamiscoins ya Uganda ilikuwa kampuni iliyosajiliwa, yenye ofisi zilizoonekana kwa macho. Iliahidi faida ya asilimia 30 kwa muda mfupi. Desemba 2019 ikafunga milango, na maelfu ya watu wakabaki mikono mitupu. Kusajiliwa ni jambo moja. Kuruhusiwa kupokea akiba za umma ni jambo jingine. Hapa Rwanda, kampuni husajiliwa na Bodi ya Maendeleo, RDB, lakini kibali cha kupokea amana hutolewa na Benki Kuu. Mwenye cheti cha kwanza asijifanye kuwa anacho na cha pili.

Jambo gumu zaidi ni kwamba aghalabu anayetuletea mwito huo si mgeni. Ni shemeji, jirani, au mwenzetu wa kanisani, ambaye naye amekwisha kutoa fedha zake. Uaminifu wake hauna shaka. Lakini hata yeye hawajui wenye mali.

Tuutazame mfano ulio karibu nasi. Rwanda ina sekta 416, na kila moja iliundiwa Umurenge SACCO. Huko mwanachama huwauliza viongozi aliowachagua ana kwa ana, na Benki Kuu huwasimamia. Basi, yeyote aombaye akiba zetu na atueleze mambo matatu: yeye ni nani, nani amempa kibali, na siku ya hasara tutamkuta wapi. Asiyeweza kuyajibu hayo, asipewe hata faranga moja.