Tupake Rangi Nyumba Zetu kwa Maarifa, Si kwa Pupa

Kila mwaka, mvua za Septemba hadi Novemba zinapokaribia kwisha, wananchi wengi wa Uganda hushikwa na shughuli moja: kuzipaka rangi nyumba zao kwa nje ili sikukuu za Desemba ziwakute katika makao ya kupendeza. Jambo hili ni la kusifiwa, kwani nyumba nadhifu ni heshima ya mwenyewe na ya mtaa mzima. Lakini ukuta ulionyeshewa kwa miezi mitatu haukauki kwa sababu tu sikukuu imekaribia, na rangi ipakwayo juu ya unyevu huvimba, hufanya malengelenge, kisha hubanduka. Hapo fedha iliyowekwa akiba kwa jasho la mwaka mzima huwa imetupwa.

Yafaa basi tuanze kwa kumtambua adui wa kwanza, naye ni maji. Ukuta uwe umekauka barabara, na nyufa zote ziwe zimezibwa, maana wahenga hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta. Paa na mifereji ya maji vitengenezwe kabla ya kugusa burashi. Kuvu na ukungu wa kijani visuguliwe na kuoshwa, kwani rangi huvificha kwa majuma machache tu. Lipu mpya ya saruji nayo iachwe ikauke kwa muda wa majuma 4 hivi. Saruji mbichi ina ukali unaoyageuza mafuta yaliyomo katika rangi ya mafuta kuwa kitu mfano wa sabuni, na rangi ya namna hiyo haiwezi kushika.

Adui wa pili ni kukisia. Lita moja ya rangi ya maji hutosha takriban mita 10 za mraba za ukuta laini, kwa mkono mmoja. Nyumba ambayo mzunguko wake ni mita 30 na kimo cha kuta zake ni mita 3 ina mita 90 za mraba. Tukitoa mita 10 za milango na madirisha, husalia 80. Kwa mikono miwili zahitajika lita 16, na ukuta wenye mikwaruzo hunywa zaidi ya hapo. Anayekisia hununua pungufu, kisha humwona fundi wake akizidisha maji katika debe ili rangi ifike mwisho wa ukuta. Mikono miwili myepesi ni bora kuliko mmoja mzito. Kazi ianzie juu na kuteremka chini, na ifuate kivuli, kwa kuwa ukuta uliochomwa na jua huikausha rangi kabla haijashika.

Asiye na uwezo wa kununua rangi ya dukani asidhani kwamba amenyimwa uzuri. Chokaa ni rafiki wa zamani wa nyumba za Afrika Mashariki, na watu wa pwani waliichoma kutokana na matumbawe kwa karne nyingi. Chokaa iliyozimwa, ikachujwa na kupakwa nyepesi juu ya ukuta uliorashiwa maji, hushikana nao na kuwa ngumu kwa kuvuta hewa ya kaboni. Nayo huuacha ukuta upumue, huku weupe wake ukirudisha joto la jua. Sisi tuliozoea maisha ya kambi twaijua vema kazi hii. Ila chokaa huchoma: macho na mikono vikingwe, na ikiingia jichoni jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Chini ya ukuta, mahali ambapo matone ya mvua hurusha udongo wetu mwekundu, upakwe ukanda wa rangi ya kahawia au nyeusi.

Tumeweka mwisho adui aliye mkubwa kuliko wote, naye ni risasi. Hatusemi ile itokayo katika bunduki, bali madini yale yale yaliyotiwa katika rangi tangu zamani ili ing'ae na kudumu, hasa rangi za njano na nyekundu. Mwaka 1921, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva ulipitisha mkataba wa kuzuia matumizi ya risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba hakuna kiasi cha risasi kilicho salama mwilini. Madini haya huudhuru ubongo wa mtoto, na dhara hilo halirudi nyuma.

Kwa hiyo rangi kuukuu isikwanguliwe ikiwa kavu, wala isichomwe moto. Ilowanishwe kwanza, turubai litandikwe chini, watoto waondolewe, na fundi anawe kabla ya kula. Magamba yote yakusanywe na yasiachwe uani, ambako watoto na kuku hutambaa na kudonoa. Anunuapo rangi mpya, mwananchi aulize kama ina risasi, na atafute debe lenye alama ya ubora ya shirika la viwango. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa hakizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni.

Desemba, Januari na Februari ni miezi ya kiangazi katika sehemu kubwa ya nchi yetu. Basi hakuna aibu kwa mwenye nyumba kupokea wageni wa sikukuu mbele ya ukuta usiopakwa bado, akaupaka Januari ukiwa mkavu. Aibu ni kuwa na ukuta unaong'aa, na chini yake mtoto anayechezea vumbi la sumu.