Kompyuta mpya ikikataa kuwaka tena: hatua za kuchukua kabla ya kumpelekea fundi

Kompyuta mpakato iliyonunuliwa wiki iliyopita inazimwa usiku ikiwa nzima, na asubuhi kitufe cha kuwashia kinabonyezwa bila jibu lolote. Mjini Bujumbura, mwenye kifaa cha namna hiyo hujikuta kati ya njia mbili: kumkimbilia fundi wa jirani mwenye bisibisi, au kumrudia muuzaji. Mara nyingi, anachokifanya katika saa hizo za mwanzo ndicho huamua iwapo atapata kifaa kingine, atarudishiwa fedha zake, au atakosa vyote viwili.

Jambo hilo si dogo. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi, kwa mwenye duka la kuchapisha nyaraka mtaani Bwiza, au kwa mfanyabiashara wa Buyenzi anayetunza hesabu zake humo, kompyuta ni akiba ya miezi mingi, na pengine ni mchango wa ukoo mzima au zawadi ya ndugu aliyeko Ughaibuni. Kuijua njia iliyo salama ni sehemu ya kuilinda mali hiyo.

Kwa nini kifaa kipya huharibika?

Wahandisi hueleza uhai wa vifaa vya kielektroniki kwa mchoro unaofanana na beseni: ukingo mmoja umeinuka, katikati ni tambarare, na ukingo wa pili umeinuka tena. Ukingo wa kwanza ni siku za mwanzo, ambapo kasoro za kiwandani hujitokeza. Huenda ni lehemu iliyoshika vibaya, waya wa betri usiokaza, au kipande dhaifu kwenye ubao mkuu wa saketi, ule ambao mafundi huuita madabodi. Kifaa kikipata joto na kupoa mara kadhaa, kasoro iliyokuwa imejificha hujidhihirisha. Sehemu ya tambarare ni miaka ya matumizi ya kawaida, na ukingo wa mwisho ni uzee.

Kwa hiyo, kifaa kipya kuharibika mapema si lazima kuwe ni ishara kwamba mtumiaji amekosea. Hata hivyo, zipo sababu nyingine zisizotoka kiwandani. Umeme unapokatika na kurejea kwa ghafla, msukumo wake unaweza kuiharibu chaja au sehemu inayopokea umeme ndani ya kompyuta. Aidha, kompyuta nyingi zinazoletwa kutoka Dubai huja na plagi ya pini tatu bapa, ilhali soketi za Burundi ni za pini za mviringo. Kigeuzi cha bei nafuu kisichoshika vizuri hucheza, hutoa cheche, na wakati mwingine hakipitishi umeme kabisa. Katika hali hiyo betri huisha polepole huku mwenyewe akiamini kwamba inachajiwa.

Si kila kilichonyamaza kimekufa

Kabla ya kumlaumu yeyote, kuna majaribio ambayo hayahitaji kufungua hata skrubu moja.

La kwanza ni umeme wenyewe. Soketi ijaribiwe kwa taa au simu, kisha chaja ichomekwe moja kwa moja ukutani bila kigeuzi kinacholegea wala waya wa kurefusha. Maandishi yaliyo kwenye chaja yasomwe. Chaja nyingi za kompyuta hupokea kati ya volti 100 na 240, hivyo hufaa Burundi hata kama zilinunuliwa Marekani. Kinachohitaji uangalifu ni umeme unaotoka kwenye chaja. Kompyuta nyingi huhitaji volti 19 au 20, na kuazima chaja ya jirani kwa sababu tu ncha yake inaingia kwaweza kuleta hasara kubwa zaidi. Kwa kompyuta zinazochajiwa kwa tundu la aina ya USB-C, chaja ndogo ya simu huenda isitoshe, kwani nyingi huhitaji wati 45 au 65.

La pili ni kuondoa umeme uliobaki ndani. Chaja huchomolewa, pamoja na flashi, kipanya na kila kilichounganishwa, kisha kitufe cha kuwashia hushikiliwa kwa sekunde 30 hivi. Baadaye chaja hurudishwa na kifaa huachwa kwa nusu saa au zaidi kabla ya kujaribiwa tena, kwa kuwa betri iliyoisha kabisa huchukua muda kuamka. Baadhi ya modeli zina kitundu kidogo upande wa chini ambacho hubonyezwa kwa pini nyembamba kwa kazi hiyohiyo. Kijitabu cha mtengenezaji hueleza.

La tatu ni kutofautisha kompyuta isiyowaka na skrini isiyoonyesha. Ikiwa feni inasikika, au taa ya kibodi inawaka na kuzima herufi kubwa zinapobonyezwa, basi kifaa ki hai na tatizo huenda liko kwenye skrini. Kukiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI huthibitisha hilo. Taa inayomweka kwa mpangilio maalumu, au mlio unaojirudia, ni lugha ya mtengenezaji inayotaja sehemu yenye hitilafu. Idadi ya mimweko iandikwe.

Jambo moja huwapotosha wengi. Kompyuta mpya, mara tu inapounganishwa na intaneti, huanza kujisasisha, na wakati mwingine husasisha hata programu ya msingi iliyo kwenye ubao mkuu. Wakati huo skrini yaweza kuwa nyeusi kwa dakika kadhaa. Anayeizima kwa nguvu katikati ya kazi hiyo anaweza kukiua kifaa kilichokuwa kizima. Ndiyo maana inashauriwa usasishaji wa kwanza ufanyike betri ikiwa imejaa na chaja ikiwa imechomekwa.

Lipo pia onyo lisilohitaji majaribio. Ikiwa sehemu ya chini imevimba, kibodi imeinuka au kuna harufu kali isiyo ya kawaida, kifaa kisichajiwe tena. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto, na haifai kutobolewa wala kukandamizwa.

Bisibisi hufuta ushahidi

Mafundi wa Bujumbura wana sifa ya kufufua vifaa ambavyo kwingineko vingetupwa, na kwa kompyuta iliyokwisha muda wa waranti msaada wao hauna mbadala. Kwa kifaa kipya, hata hivyo, kukifungua kabla ya muuzaji kukiona ni kumpa sababu ya kukataa. Stika ikichanika au skrubu ikikwaruzika, muuzaji atasema kwamba kasoro ililetwa na fundi, na mnunuzi hatakuwa na namna rahisi ya kuthibitisha vinginevyo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hiyohiyo hitilafu inapotokea, inafaa ipigwe video inayoonyesha kitufe kikibonyezwa, chaja ikiwa imechomekwa, na namba ya utambulisho iliyoandikwa chini ya kifaa. Risiti, sanduku, chaja ya asili na kadi ya waranti vikusanywe pamoja. Tarehe ya kununua na tarehe ya kuharibika ziandikwe.

Risiti ina uzito wa pekee Bujumbura. Tangu soko kuu la mji lilipoteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara wake walitawanyika, wengine wakahamia masoko kama Ruvumera huko Buyenzi, wengine kwenye vibanda na maduka madogo. Karatasi isiyo na jina la muuzaji, namba ya simu, mahali alipo, modeli na namba ya utambulisho ya kompyuta haimsaidii sana mnunuzi siku ambayo kibanda kitakuwa kimehama.

Sheria inasemaje?

Msingi wa haki ya mnunuzi nchini Burundi uko katika Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Madai, ambacho chimbuko lake ni amri ya tarehe 30 Julai 1888 iliyotungwa kwa ajili ya Kongo na baadaye kutumika Ruanda-Urundi chini ya utawala wa Ubelgiji. Kama ilivyo katika sheria ya Ufaransa iliyoizaa, muuzaji huwajibika kwa kasoro zilizofichika, ambazo wanasheria huziita kwa Kifaransa vices cachés. Hizo ni kasoro zilizokuwepo wakati wa mauzo, ambazo mnunuzi hakuweza kuziona, na ambazo hukifanya kitu kisifae kwa kazi iliyokusudiwa.

Mnunuzi ana hiari ya mambo mawili: kurudisha kitu na kurejeshewa bei aliyolipa, au kubaki nacho na kurejeshewa sehemu ya bei. Muuzaji aliyeijua kasoro na kuinyamazia huwajibika pia kwa hasara iliyosababishwa na kasoro hiyo.

Na yale maneno yanayoonekana kwenye risiti, kwamba bidhaa iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi? Sheria humruhusu muuzaji asiyeijua kasoro kuweka sharti la kutotoa dhamana. Kwa aliyeijua, sharti hilo si kinga. Kwa hiyo maneno hayo hayafungi mlango moja kwa moja, lakini ni vyema yajadiliwe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Sharti lililo gumu kwa mnunuzi ni la muda. Dai la kasoro iliyofichika hutakiwa kufunguliwa ndani ya muda mfupi, kulingana na aina ya kasoro na desturi ya mahali. Hakuna idadi ya siku iliyotajwa, na anayekaa miezi mitatu akijaribu mafundi mbalimbali hujidhoofisha mwenyewe. Njia iliyo salama ni kumwendea muuzaji mapema kwa heshima, pamoja na shahidi, na kumwachia barua fupi yenye nakala mbili, moja aitie saini na tarehe kuonyesha kwamba ameipokea. Barua hiyo ndiyo huonyesha kwamba mnunuzi hakuchelewa. Mazungumzo yakishindikana, wazee wa mtaa wanaweza kusuluhisha, chama cha kutetea watumiaji wa bidhaa, ABUCO, kinaweza kuombwa ushauri, na mahakama hubaki kuwa hatua ya mwisho.

Waranti ya mtengenezaji na safari ya kifaa

Waranti ya kiwandani ni ahadi nyingine, tofauti na wajibu wa muuzaji. Kampuni nyingi hutoa mwaka mmoja, lakini baadhi ya waranti hutumika tu katika nchi au eneo ambako kifaa kiliuzwa kwa mara ya kwanza. Kwa kuingiza namba ya utambulisho kwenye ukurasa wa mtengenezaji, mnunuzi anaweza kuona waranti inaisha lini. Huko pia hugundulika iwapo kompyuta iliyouzwa kama mpya ilikwisha kuanza kutumika zamani.

Ikilazimu kifaa kirudishwe Dubai au Nairobi kwa ndege, betri huwa suala la usalama. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, haziruhusu kubeba kwa ndege betri za lithiamu zilizoharibika kiasi cha kuweza kushika moto. Iliyovimba haipaswi kukabidhiwa msafiri bila kumweleza.

Kazi iliyomo ndani

Kabla ya kukubali kubadilishiwa kifaa, mwenyewe akumbuke nyaraka zake. Kompyuta nyingi mpya zenye Windows 11 hufunga diski kwa ufunguo maalumu wa BitLocker bila mtumiaji kutambua. Ubao mkuu ukibadilishwa, au diski ikihamishiwa kwingine, kompyuta hudai ufunguo huo wenye tarakimu 48. Mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha kifaa. Asiyekumbuka akaunti hiyo, na hasa aliyeanzishiwa kompyuta na muuzaji kwa akaunti isiyo yake, anaweza kupoteza tasnifu nzima hata kama diski ni nzima.

Dawa ya yote hayo huanzia dukani. Mnunuzi anashauriwa kuomba kompyuta iwashwe mbele yake, izimwe kabisa, kisha iwashwe tena, kwanza ikiwa kwenye chaja na baadaye kwa betri pekee. Sanduku litunzwe, na katika mwezi wa kwanza kifaa kitumike kila siku badala ya kuwekwa kabatini kusubiri muhula uanze, ili kasoro, kama ipo, ionekane wakati muuzaji angali anamkumbuka mteja wake.