Kauli ya Mgonjwa na Jibu la Kipimo

Maradhi ya korona yalipoenea mwaka 2020, lilizuka swali: idadi ya wagonjwa ijulikane kwa kauli zao wenyewe, au kwa vipimo?

Uingereza ilizijaribu njia zote mbili. Mwezi Machi wataalamu wa King's College London, pamoja na kampuni ya ZOE, walitoa programu ya simu ambamo kila mtu aliandika hali yake ya siku. Waliojiunga walizidi milioni 2. Kauli zao zilileta faida kubwa: kati ya waliopimwa wakakutwa na korona, takriban 65 katika kila 100 walikuwa wamesema wamepoteza uwezo wa kunusa na kuonja, kwa wasiokutwa nayo, ni 23 hivi. Tarehe 18 Mei serikali iliiongeza dalili hiyo katika orodha yake.

Hata hivyo, kauli ina mipaka. Mafua ya kawaida nayo huleta homa na kikohozi, na asiyehisi kitu hana la kueleza. Kwa hiyo ofisi ya takwimu ya huko ilichagua nyumba kama apigaye kura, ikawapima waliomo, wagonjwa kwa wazima. Wengi walikutwa na virusi ilhali hawakuona dalili yoyote.

Hapa kwetu, watafiti wa KEMRI-Wellcome walioko Kilifi walipima damu za wachangiaji, tangu mwisho wa Aprili hadi katikati ya Juni 2020. Walikadiria kuwa watu 4 hivi katika kila 100 nchini walikwisha kuambukizwa, na Mombasa 8. Hao ni wengi mno kuliko wale elfu chache waliokuwa wametangazwa.

Kipimo nacho hukosea. Kikifanywa mapema mno, au pamba isipofika ndani ya pua, mgonjwa huambiwa yu mzima.

Basi hao ni mashahidi wawili, kila mmoja huona asichokiona mwenziwe. Ila shahidi wa kwanza huharibiwa na hofu. Wakati ule wengi walificha kikohozi kwa kuogopa karantini na gharama zake, na aliyedhurika ni bibi mzee waliyelala naye chumba kimoja. Mficha maradhi, kilio humfichua. Enyi akina mama, mwana akisema anaumwa, msimkaripie. Na mfikapo kwa daktari, mwelezeni yote kama yalivyo.