Kipupwe kitamu kitandani, kichungu baharini

Kila Julai, jamaa zetu wa bara hutucheka sisi wa Mombasa: nyuzi 21 alfajiri, nasi tushavaa sweta! Lakini mwili uliozoea nyuzi 32 za Machi huihisi baridi hiyo kwelikweli, sembuse upepo ukivuma na manyunyu juu yake.

Chanzo ni kusi. Kuanzia Juni hadi Agosti, nchi za kusini mwa ikweta huwa katika majira ya baridi, na upepo wa huko hutujia ukipitia juu ya bahari iliyopoa.

Usingizi wa kipupwe naupenda: feni imezimwa, shuka hadi shingoni. Hata hivyo, nikiambiwa nichague, nachagua joto la kaskazi. Kusi huchafua bahari. Mwenye mtumbwi au ngalawa huvua ndani ya mwamba tu, na siku nyingine hatoki kabisa. Samaki huadimika na nyumba ya mvuvi hukosa pesa. Kaskazi ikiingia, kati ya Desemba na Machi, mawimbi hupungua na vyombo hufika mbali.

Basi ukimkuta changu ghali sokoni siku hizi, usimlaumu mvuvi. Sikiliza upepo.