Mifumo miwili katika kompyuta moja: njia ya kuhama bila kupoteza kazi

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha huduma za kawaida za mfumo wake wa uendeshaji wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika, lakini kasoro za usalama zinazogunduliwa hazirekebishwi tena ila kwa mpango maalumu.

Kwa Waafrika wanaoishi Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, suala hili lina sura mbili. Mwezi mmoja kabla ya hapo, baada ya vyama vya kutetea watumiaji kulalamika, Microsoft ilikubali kuwapa watumiaji binafsi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya ulinzi wa bure hadi Oktoba 2026. Kwingineko, mtumiaji alitakiwa kulipa dola 30, kutumia pointi za kampuni hiyo, au kukubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe katika seva zake.

Hivyo basi kompyuta inayotoka Matonge, mtaa wa Brussels unaojulikana kwa wakazi wake wa asili ya Kongo, na kutumwa kwa ndugu aliye Bukavu, huenda ikafika na kukuta masharti tofauti.

Kwa nini kuhama ni kugumu?

Mfumo uliofuata, Windows 11, unahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 hazitimizi masharti yake. Njia mbadala ni Linux, mfumo unaopatikana bila malipo.

Lakini mwenye duka ambaye hesabu zake zimo katika programu ya Windows hawezi kuiacha kwa siku moja. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mifumo miwili huishije pamoja?

Njia ya kwanza ni kuigawa diski ya kompyuta sehemu mbili, kila mfumo na sehemu yake. Kompyuta inapowashwa, programu ndogo humwuliza mtumiaji anataka mfumo upi. Mfumo uliochaguliwa hupata nguvu zote za mashine, ila mwingine hulala mpaka kompyuta iwashwe upya.

Njia ya pili ni kuunda kompyuta ndani ya kompyuta kwa programu kama VirtualBox, ili mifumo yote miwili ifanye kazi kwa wakati mmoja. Wazo hili si geni. Mwaka 1972 kampuni ya IBM ilitangaza VM/370, iliyowawezesha wateja kujaribu mfumo mpya huku ule wa zamani ukiendelea na kazi za kila siku katika mashine ileile. Kasoro yake ni kwamba inahitaji kumbukumbu kubwa, jambo ambalo kompyuta kuukuu hukosa.

Tahadhari

Kabla ya kugusa diski, mtumiaji hana budi kuweka nakala za mafaili yake katika diski ya nje, na kuandika pembeni ufunguo wa BitLocker iwapo diski imefungwa kwa programu hiyo. Bila ufunguo huo, mafaili yanaweza kupotea moja kwa moja.

Kisha Linux ijaribiwe kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, kuona kama printa, sauti na intaneti vinafanya kazi. Ndipo sehemu ya Windows ipunguzwe, kwa zana ya Windows yenyewe, na mfumo mpya usakinishwe. Mwenye duka anaweza kufunga hesabu za mwezi mzima katika mfumo mpya kabla ya kuuaga wa zamani.

Wanaoishi Brussels wana fursa ya ziada. Tangu mwaka 2001, wataalamu wa programu huria hukutana mjini humo majira ya baridi katika mkutano ambao sasa unaitwa FOSDEM, kwenye Chuo Kikuu Huru cha Brussels, na kiingilio ni bure.

Hata hivyo, kuwa na mifumo miwili ni daraja, si makazi. Windows iliyokwisha ulinzi itumike kufungulia kazi za zamani tu, ikiwa imetengwa na intaneti. Barua, benki na mawasiliano ya kila siku yahamie katika mfumo ambao bado unalindwa.