Ukuta si Shati la Shule

"Fundi, Jik nichanganye vifuniko vingapi?" Mwezi huu nimeulizwa hivyo mara nne: mara mbili kwa simu, mara moja nikinunua ndizi soko la Butere, na mara moja kanisani, ibada haijaisha. Hakuna aliyeuliza kama Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, inafaa ukutani. Hilo walishaliamua wenyewe. Kwangu wanatafuta vipimo tu.

Kipimo ni sufuri.

Najua imani hii ilikoanzia. Shati jeupe la mwanafunzi huloweshwa kwenye Jik likiwa na doa la chai, likatoka linang'aa. Doa la chai ni rangi ya mmea, na klorini huivunjavunja hadi isionekane. Haya, kuta zetu huchafuliwa na nini? Kwanza udongo mwekundu, ambao mvua huurusha ukutani na watoto huuingiza hadi sebuleni kwa viganja. Wekundu ule ni kutu, yaani chuma kilichokwisha kushikana na oksijeni. Klorini kazi yake ni kuoksidisha, na kutu imeshaoksidika zamani. Haina habari na Jik yako. Pili, masizi ya kuni na ya koroboi. Masizi ni kaboni, ndugu wa makaa. Loweka kaa kwenye Jik tangu leo hadi Krismasi uone kama litatoka jeupe. Tatu, mafuta ya kupikia, nayo yanataka sabuni.

"Lakini fundi, mimi nilipaka pakawa peupe!" Ndiyo, mama. Ulipaka penye ukungu. Klorini iliubabua weusi wa juu, mizizi ikasalia ndani ya plasta, na kwa kuwa Jik sehemu kubwa ni maji, ukainywesha. Subiri mvua ya Aprili. Na kama ukuta una rangi ya kijani, sasa una kijani na baka jeupe. Niliwahi kuitwa kwenye sebule iliyokuwa na baka la umbo la Afrika kasoro Madagaska, mwenye nyumba akitaka nilisugue litoke. Rangi iliyokufa haisuguliwi ikafufuka.

Wapo pia wanaoongeza dawa ya choo "ili ishike vizuri". Dawa nyingi za choo zina asidi, na asidi ikikutana na Jik hutoka gesi ya klorini, ileile ambayo Wajerumani waliwafungulia wanajeshi vitani kule Ypres mwezi wa Aprili 1915. Siki hufanya vivyo hivyo. Wewe umejifungia jikoni, dirisha limezibwa kwa gunia.

Basi, la kufanya. Lowesha kidole ufikiche ukuta nyuma ya mlango. Kikitoka na rangi, ukuta huo hauoshwi; pangusa vumbi, ununue rangi. Kisipotoka, fagia kwa kitambaa kikavu, kisha maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo, sponji laini iliyokamuliwa. Anza chini ukipanda juu, maana maji machafu yakitiririka kwenye ukuta mkavu huacha michirizi isiyotoka. Suuza, kausha. Rangi mpya iache mwezi mzima kabla ya kuiosha. Waya wa sufuria uache kwenye sufuria. Rangi ya mafuta huvumilia zaidi, ila ile kuukuu usiipige msasa mkavu, huenda ina madini ya risasi.

Masizi usiyaloweshe mwanzoni, yatasambaa. Yadonoe kwa donge la unga wa ngano lililokandwa kavukavu, bila mafuta. Usicheke: Play-Doh, udongo ule wa watoto kuchezea, ulianza Marekani kama donge la kuondoa masizi ya makaa ya mawe kwenye karatasi za ukutani. Wino wa biro usipotoka kwa sabuni, funika kwa andakoti ya mafuta kabla ya rangi. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja, maandishi ya mtoto yatapenya tena na utayasoma vizuri tu.

Na wewe wa kanisani: nimepita nyuma ya nyumba yako. Gata imetoboka juu kabisa ya chumba chenye ukungu. Izibe, fungua madirisha, ngoja plasta ikauke wiki kadhaa, upake dawa ya ukungu ya duka la rangi, ndipo unipigie.